Kisima kimekauka: Jinsi maji ya mvua yanavyoweza kurudishwa ardhini

Kila inapofika Septemba na Oktoba, wasikilizaji wetu wa maeneo makavu hutuuliza swali lilelile: kisima chetu kilikuwa kinatoa maji mwaka mzima, sasa kimekauka, tufanyeje? Wengine huongeza kwamba kijiji kimeshachanga fedha kuongeza kina, mara ya kwanza na mara ya pili, na bado maji yanakimbia chini. Miezi miwili baadaye mvua inanyesha. Korongo linafurika, barabara inakatika, mbuzi wanasombwa, na baada ya siku tatu maji yote yamekwenda zake. Ndani ya mwaka mmoja, kijiji kimoja kinapata hasara ya mafuriko na hasara ya kiu.

Katika makala hii tunaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana. Tunaeleza maji ya kisima yanatoka wapi, kwa nini yanapungua, na namna jamii za Ukambani nchini Kenya na za jimbo la Rajasthan nchini India zilivyozuia maji ya mvua yasikimbie, zikayaingiza ardhini. Tunaeleza pia mahali ambapo njia hizi hazifai, maana si kila udongo unakunywa maji.

Maji ya kisima yanatoka wapi?

Watu wengi hudhani chini ya ardhi kuna mto au ziwa, na kwamba fundi mzuri ni yule anayejua mahali mto huo unapopita. Mara nyingi sivyo. Chukua ndoo, ijaze mchanga hadi juu, kisha mimina maji taratibu. Utashangaa ndoo iliyojaa mchanga bado inapokea maji mengi. Maji hayo yamejificha katika nafasi ndogo zilizopo kati ya punje na punje. Ukichimba shimo katikati ya mchanga ule, maji yatajikusanya ndani ya shimo. Hicho ndicho kisima.

Ardhini ni hivyo hivyo. Maji hukaa katika mchanga, katika changarawe, na katika nyufa za miamba. Chini kabisa kuna mwamba mgumu au udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, nao ndio kitako cha ndoo. Maji yakiingia kutoka juu, kina hupanda. Yakichotwa, kina hushuka.

Na yanayoingia kutoka juu ni mvua. Sehemu ya mvua hurudi angani kwa jua na kwa mimea. Sehemu nyingine hutiririka juu ya ardhi mpaka kwenye makorongo na mito. Sehemu ndogo inayobaki ndiyo inayopenya mpaka chini. Katika nchi kavu sehemu hiyo huwa ndogo sana, na iko miaka ambayo haipo kabisa.

Kwa hiyo fikiria maji ya ardhini kama kibubu cha nyumbani. Kuchota ni kutoa. Mvua ni kuweka. Familia inayotoa kila siku na kuweka mara moja kwa miaka kadhaa haiwezi kushangaa kibubu kikiwa kitupu.

Kwa nini kina kinashuka?

Sababu ya kwanza ni kwamba tunachota zaidi. Zamani kisima kilichotwa kwa kamba na ndoo, na mkono wa mtu huchoka. Pampu ya mafuta haichoki, ila mafuta yana bei, hivyo mwenye shamba huizima. Pampu ya sola haina gharama ya mafuta, na jua linawaka kila siku. Pampu za sola zimewasaidia wakulima wengi wa mboga, lakini pasipo utaratibu zinaweza kuchota mchana kutwa hata pasipo haja.

Sababu ya pili ni kwamba ardhi imepoteza uwezo wa kunywa. Mahali penye nyasi, majani makavu na mizizi, tone la mvua huanguka taratibu na kupata njia ya kuingia. Mahali palipo uchi, palipokanyagwa na mifugo kila siku, matone huponda udongo wa juu na kuufanya ukoko mgumu. Mvua ikinyesha juu ya ukoko huo, maji hukimbia kana kwamba yako juu ya sakafu.

Sababu ya tatu ni namna mvua inavyonyesha. Mvua nyingi ya nchi kavu hushuka kwa nguvu, kwa muda mfupi. Wakulima wengi wanaona kwamba siku za mvua zinapungua huku kila mvua ikiwa kubwa zaidi, na wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kwamba hewa inavyozidi kupata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua kubwa huzidi kuwa kubwa.

Kuongeza kina cha kisima hakugusi hata moja ya sababu hizi. Kunasogeza tatizo mbele tu. Na mara nyingi anayelipia si aliyechimba. Mwenye uwezo anapochimba kisima kirefu na kuweka pampu yenye nguvu, kina cha maji hushuka eneo lote la karibu, na kisima kifupi cha jirani ndicho kinachokauka kwanza. Kwenye miji na vijiji vya pwani hatari ni nyingine: maji matamu yakichotwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea kuja kuchukua nafasi yake, na kisima huanza kutoa chumvi.

Dodoma: Makutupora inatufundisha nini?

Kaskazini mwa jiji la Dodoma kuna eneo la visima virefu liitwalo Makutupora. Visima hivyo vimelisha mji kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1950. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wafanyakazi wa maji wa pale wamekuwa wakipima kina na kuandika kwa muda wote huo, kizazi hadi kizazi. Kwa sababu hiyo Makutupora ina mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika nchi za joto duniani. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walichapisha walichokiona katika kumbukumbu hizo.

Walichokiona ni hiki. Katika miaka ya kawaida, kina cha maji kilikuwa kinashuka polepole, mwaka hadi mwaka, hata pale mvua iliponyesha. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, na kina kinapanda ghafla. Baada ya hapo kinaanza tena kushuka. Yaani mji ulikuwa ukiishi kwa akiba iliyowekwa na misimu michache mikubwa.

Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo haikupenya kutoka kila mahali. Ilipitia kwenye makorongo na mito ya msimu yenye mchanga, siku zile inapofurika. Maji yanapokaa juu ya mchanga kwa siku kadhaa, huzama.

Hapa kuna somo kwa kila kijiji cha nchi kavu. Mafuriko tunayoyaogopa ndiyo yanayojaza visima, yakipata muda wa kukaa. Maji yakipita kwa saa mbili, yanayozama ni machache. Yakizuiwa yakae wiki mbili, yanayozama ni mengi. Njia zote tutakazozieleza hapa chini zina lengo hilo moja: kupunguza mwendo wa maji.

Ukambani: ukuta unaokusanya mchanga

Wilaya za zamani za Machakos na Kitui, ambazo leo ni kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, zina mito mingi isiyo na maji sehemu kubwa ya mwaka. Wenyeji wamejua tangu zamani kwamba mto mkavu hauna maana ya mto usio na maji. Ukichimba mchanga kwa mikono, mita moja au mbili chini unakuta maji. Wanyama nao wanajua. Tembo huchimba hivyo hivyo. Shida ni kwamba maji hayo huteremka taratibu ndani ya mchanga kufuata mteremko wa mto, na kufikia mwisho wa kiangazi shimo limekuwa refu kiasi cha kuhatarisha maisha ya anayeingia.

Bwawa la mchanga linatibu jambo hilo. Ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatiza mto wa msimu wenye mchanga. Ukuta husimama juu ya mwamba, na ncha zake mbili huingia ndani kabisa ya kingo za mto. Mvua ikinyesha, mto huteremsha maji, mchanga na tope. Mchanga ni mzito, hivyo hutuama nyuma ya ukuta. Tope ni jepesi, hivyo huvuka juu ya ukuta na kwenda na maji. Baada ya msimu mmoja au misimu michache, nyuma ya ukuta kunakuwa na ghala la mchanga uliojaa maji.

Mtu anaweza kuuliza: bwawa lililojaa mchanga lina faida gani? Bwawa la wazi la nchi kavu hupoteza maji mengi kwa jua, hukaribisha mbu, na hunywewa na ng'ombe na watu pamoja. Ndani ya mchanga, maji yakishashuka kiasi cha mita moja kutoka juu, jua halina nguvu nayo tena. Mbu hawapati mahali pa kutaga. Na mchanga wenyewe huyachuja maji kwa kiasi fulani.

Tufanye hesabu. Chukua bwawa lenye mita za ujazo 5,000 za mchanga. Katika mchanga mkubwa, maji yanayoweza kuchotwa ni kama robo ya ujazo, yaani mita za ujazo 1,250. Hizo ni lita 1,250,000, sawa na madumu 62,500 ya lita 20. Kaya 100 zikichota madumu sita kila moja kwa siku, maji hayo yanatosha siku 104. Hiyo ni miezi mitatu na nusu ya kiangazi, na bado hatujahesabu maji yanayoendelea kuingia kutoka kwenye kingo. Maana faida haiishii mtoni. Mchanga uliojaa maji husukuma maji pembeni, kina cha ardhi ya kando hupanda, na visima vilivyo karibu na mto hupata nafuu.

Kazi hii ilienea Ukambani kwa nguvu za vikundi. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake waliunda kikundi cha Utooni huko Machakos, wakaanza kujenga mabwawa ya mchanga na matuta. Kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL lilishirikiana na vijiji vya Kitui kujenga mamia ya mabwawa kama hayo. Wanakijiji walileta mawe, mchanga, maji na nguvu zao kwa utaratibu wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya Wakamba. Wafadhili walileta saruji, nondo na mafundi. Mwanamke aliyekuwa akitoka usiku kufuata maji mbali alianza kuyapata jirani na kwake, na muda uliookolewa ukaingia kwenye bustani.

Si kila ukuta ulifaulu. Ukuta ambao haukufika kwenye mwamba hupitisha maji chini yake. Ukuta ambao ncha zake ni fupi huzungukwa: mto unachimba kando na kuuacha ukuta umesimama peke yake. Na mto unaotoka kwenye mashamba yaliyomomonyoka hujaza bwawa tope badala ya mchanga, na tope hushika maji bila kuyaachia. Kwa hiyo anayetaka bwawa zuri mtoni aanze na matuta kule juu mashambani.

Rajasthan: kijiji baada ya kijiji

Alwar ni wilaya kavu katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India. Mababu wa pale walikuwa na desturi ya kujenga johadi, yaani tuta la udongo lenye umbo la mwezi mwandamo linalokinga maji ya mteremko yasikimbie. Kwa miaka mingi desturi hiyo iliachwa. Matuta yakajaa tope, misitu ya vilima ikakatwa, visima vikakauka, na vijana wakaenda mijini kutafuta kazi.

Mwaka 1985 kijana mmoja, Rajendra Singh, alifika huko na wenzake wa shirika la Tarun Bharat Sangh. Katika kijiji cha Gopalpura walianza kufukua johadi ya zamani pamoja na wenyeji. Mvua ziliponyesha, johadi ikashika maji, na visima vya karibu vikapata maji. Kijiji cha jirani kikaona, kikataka chake. Baada ya miaka kumi hivi, bonde la mto Arvari lilikuwa na mamia ya matuta na mabwawa madogo, na mto huo uliokuwa ukitiririka wakati wa mvua tu ukaanza kutiririka mwaka mzima. Mto haukuletwa kutoka mahali. Maji yaliyozama vilimani yalikuwa yanatoka polepole chini.

Lakini jambo tunalotaka wasikilizaji wetu walishike ni lililofuata. Maji yaliporudi, ulafi ungeweza kuyamaliza tena. Kwa hiyo vijiji takribani 70 vya bonde hilo viliunda baraza lao la mto na kuweka masharti, likiwemo la kutolima mazao yanayokunywa maji mengi kama miwa na mpunga. Rajendra Singh alipata Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2015, lakini kulinda maji yale ni kazi ya wanakijiji wenyewe.

Njia unazoweza kuanza nazo

*Paa na tangi.* Kipimo cha mvua ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 ina mita za mraba 40. Mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 24,000. Ukitoa yanayomwagika na kupotea, bado unaweza kupata kama lita 19,000, yaani madumu 950. Kila dumu linalotoka kwenye tangi ni dumu ambalo halikutoka kisimani. Na tangi likijaa, maji ya ziada yasiachwe yachimbe uwanja. Yaelekeze kwenye shimo la kuyanyonya.

*Matuta ya shambani.* Paa ni dogo, shamba ni kubwa. Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000, na mvua ya milimita 600 juu yake ni lita milioni 2.4. Hakuna tangi la kutosha maji hayo isipokuwa ardhi yenyewe. Chimba mtaro kukingama na mteremko, kwa usawa, na udongo uutupe upande wa juu. Hiyo ndiyo fanya juu, njia iliyoenea Machakos, na jina lake la Kiswahili linatumika hadi katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Udongo ukitupwa upande wa chini huitwa fanya chini. Panda majani ya mifugo juu ya tuta ili lisibomoke. Zao ndilo litakalofaidi kwanza, na maji ya ziada yataendelea kushuka.

*Vizuizi vya korongo.* Korongo dogo linaloanza kukua linaweza kuzuiwa kwa mawe yaliyopangwa kukatiza mkondo, kizuizi baada ya kizuizi, kuanzia juu kwenda chini. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yavuke katikati yasile kingo.

*Mashimo ya kunyonya maji.* Ni shimo lililojazwa mawe makubwa chini, kisha kokoto, kisha mchanga juu. Maji ya paa au ya uwanja safi huingia, hupita kwenye mchanga, na kuzama. Mchanga wa juu hukusanya tope, hivyo uondolewe na kubadilishwa kabla ya kila msimu wa mvua. Shimo lisilosafishwa huziba, nalo huwa dimbwi tu.

*Malambo na mabwawa ya mchanga.* Hizi ni kazi za kijiji zima na zinahitaji mhandisi. Usikubali mtu akuambie kwamba ukuta wa mto unaweza kujengwa kwa kukadiria kwa macho.

Kwanza jaribu udongo wako

Kabla ya kuchimba shimo kubwa, chimba dogo: upana wa futi moja, kina cha nusu mita. Lijaze maji, uyaache yaishe, ili udongo ulowe. Lijaze tena na uchomeke kijiti chenye alama. Maji yakiisha kabla ya kesho yake, udongo huo unakunywa vizuri. Yakibaki siku mbili, tafuta mahali pengine.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, haufai kwa shimo la kunyonya maji. Huo unafaa lambo la kunyweshea mifugo, kwa sababu hushika maji. Mahali ambapo mwamba mzima uko karibu juu pia hapafai. Kwa kawaida mahali pazuri ni penye mchanga, changarawe au mwamba uliochakaa. Wazee na wachungaji hujua mahali korongo linapokuwa na unyevu hadi mwisho wa kiangazi. Mkuyu mkubwa ulio kijani ukingoni mwa mto mkavu nao ni shahidi mzuri kwamba maji hayako mbali.

Tahadhari

Usielekeze maji ya mafuriko moja kwa moja ndani ya kisima cha kunywa. Tumekutana na ushauri huu, na ni hatari. Maji yanayopita uwanjani hubeba kinyesi cha watu na mifugo, na hubeba dawa za mashambani. Kinachoyasafisha ni safari yake ya polepole ndani ya udongo. Ukiyatumbukiza kisimani umeifuta safari hiyo, na kijiji kinaweza kupata kuhara damu, homa ya matumbo au kipindupindu.

Shimo la kunyonya maji liwe mbali na choo. Ushauri wa kawaida ni angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na choo kisiwe upande wa juu wa kisima. Zingatia umbali huo huo kwa shimo. Usiingize maji yanayotoka kwenye zizi, gereji, machinjio au mahali panaponyunyiziwa dawa.

Maji ya kwanza ya msimu yanayoosha paa yaachwe yamwagike, maana yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi liwe na mfuniko na wavu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa meupe.

Shimo lizungushiwe uzio au lifunikwe. Mtoto mdogo hazami katika maji mengi tu. Na maji yasikae wazi wiki nzima, maana muda kama huo unatosha mbu kukua.

Jambo jingine ni floridi. Sehemu za Bonde la Ufa, pamoja na maeneo ya Arusha na Singida, zina maji ya ardhini yenye floridi nyingi, inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na kuumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Usitegemee kwamba kurudishia maji ya mvua ardhini kutaondoa tatizo hilo. Katika maeneo hayo, maji ya paa yaliyowekwa kwenye tangi ndiyo bora zaidi kwa kunywa na kupikia.

Maji yakirudi, ni ya nani?

Hapa ndipo vijiji vingi hugombana. Wanakijiji mia moja wanabeba mawe, kisha mtu mmoja mwenye pampu anahamia kando ya bwawa na kumwagilia ekari tatu za nyanya. Mwaka wa pili hakuna atakayebeba jiwe.

Kwa hiyo masharti yaandikwe kabla ya ujenzi, wakati kila mtu bado ana shauku: nani atachota, kwa ajili ya nini, kwa saa ngapi, na maji ya kunywa yatapewaje kipaumbele ukame ukizidi. Njia ya kupita kwenda kwenye maji ikubaliwe kwa maandishi na mwenye shamba. Mchanga wa bwawa usiuzwe kwa malori, maana anayechota mchanga anabeba na ghala la maji. Wanakijiji wa chini ya mto waitwe kikaoni tangu mwanzo. Bwawa moja la mchanga kwa kawaida hushika sehemu ndogo tu ya maji yanayopita kwa msimu, lakini jirani ambaye hakuambiwa ataamini ameibiwa.

Sheria nazo zipo. Nchini Tanzania, matumizi ya vyanzo vya maji yanasimamiwa na Bodi za Maji za Mabonde chini ya sheria ya mwaka 2009, na wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, unafanya kazi na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii. Nchini Kenya, vibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya sheria ya mwaka 2016. Kabla ya kuchimba kisima kirefu au kujenga ukuta mtoni, waulizeni wahusika hawa. Mhandisi wao pia anaweza kuwaokoa na hasara.

Pima kisima chako kuanzia mwezi huu

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Chukua kamba ndefu isiyovutika, funga fundo kila baada ya mita moja, na mwishoni funga jiwe safi. Asubuhi mapema, kabla mtu yeyote hajachota, teremsha jiwe mpaka liguse maji. Hesabu mafundo kutoka mdomo wa kisima. Andika tarehe na kipimo kwenye daftari. Rudia kila mwezi, tarehe ileile. Mtu mwingine aweke kopo la kupimia mvua na kuandika milimita.

Baada ya mwaka mmoja mtajua kisima chenu kinapanda lini na kushuka kwa kasi gani. Baada ya miaka mitatu mtajua kama matuta yenu yamesaidia au kama mlibahatika tu kwa mvua nyingi. Na siku mtakapokwenda ofisi ya maji au kwa mfadhili, mtakuwa na daftari mkononi, si malalamiko matupu. Makutupora inajulikana duniani kwa sababu kulikuwa na watu waliopima na kuandika.

Msitarajie kisima kijae baada ya mvua moja. Maji yaliyochotwa kwa miaka ishirini hayarudi kwa msimu mmoja, na iko miaka ambayo mvua itakuwa ndogo na kina kitashuka licha ya kazi yote. Kinachotakiwa ni matuta kuwa tayari, mashimo kuwa safi na ukuta kuwa mzima siku ile mvua kubwa itakapokuja. Siku hiyo haitoi taarifa.